Haba na haba iliyoiangusha General Motors

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuutumia msemo huo kumtia moyo mtu anayedunduliza akiba yake. Leo naomba tuutazame kwa upande wa pili, kwa sababu gharama nazo hudundulizwa. Kampuni huongeza aina moja ya bidhaa, halafu idara moja, halafu tawi moja, halafu fomu moja ya kujazwa na kutiwa mihuri mitatu. Kila nyongeza ina mwenyewe na ina sababu yake nzuri. Siku kibaba kinapofurika, hakuna anayekumbuka ni nani aliyemimina punje ya mwisho.

Historia ya biashara katika karne ya 20 ina mfano mkubwa wa jambo hili, nao ni kampuni ya General Motors ya Marekani. Kwa miaka 77, tangu mwaka 1931, hapakuwa na kampuni duniani iliyouza magari mengi kuliko hiyo. Tarehe 1 Juni, 2009, kampuni hiyo hiyo ilikwenda mahakamani mjini New York kuomba kinga ya mufilisi, ikiwa na madeni ya dola bilioni 172 na mali ya dola bilioni 82 tu.

Wengi walitafuta mchawi. Wapo waliotaja bei ya mafuta, wapo waliotaja mzigo wa pensheni na matibabu ya wastaafu, na wapo waliotaja msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008. Wote walikuwa na haki. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haikupigiwa kelele sana, kwa kuwa haikutokea siku moja. Mambo ndani ya kampuni yalikuwa mengi mno, na yameingiliana mno, hata kampuni ikawa haijijui yenyewe. Ajabu ni kwamba wingi huo huo wa mambo ndio uliokuwa silaha yake ilipokuwa changa. Ilikuwaje silaha ikageuka mzigo? Tuanze na mtu aliyepigwa kwa silaha hiyo.

Gari moja, rangi moja

Henry Ford alianzisha kampuni yake mwaka 1903 katika jimbo la Michigan. Katika miaka ya mwanzo alijaribu aina nyingi za magari, kubwa na ndogo, za matajiri na za watu wa kati. Mwaka 1908 alitoa gari aliloliita Model T, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba tangu siku hiyo kiwanda chake kitatengeneza gari hilo tu. Wauzaji wake walishika vichwa. Yeye hakubadilika.

Kwa kuwa gari lilikuwa moja, kila mashine ingeweza kupewa kazi moja, na kila mfanyakazi akapewa kazi moja. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford alianza kuyavuta magari mbele ya wafanyakazi, badala ya wafanyakazi kulizunguka gari. Kuunganisha fremu ya gari, kazi iliyokuwa ikichukua muda wa saa 12 na nusu, kukawa kunachukua saa 1 na dakika 33. Bei iliyoanzia dola 850 ilishuka mwaka hadi mwaka mpaka ikafika chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Kwa zaidi ya miaka 10, kuanzia 1914, gari hilo lilitoka kiwandani likiwa jeusi tu. Mwaka 1921 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya Ford.

Basi hapo tuna somo la kwanza. Ford aliwashinda wenzake kwa kuondoa. Aliondoa aina, aliondoa rangi, aliondoa kila kitu ambacho mkulima wa Kansas hakukihitaji ili afike sokoni. Washindani waliokuwa na aina kumi hawakuweza kuifikia bei yake.

Lakini mambo hubadilika. Ilipofika miaka ya 1920, Wamarekani wengi walikwisha kuwa na gari la kwanza. Asiyekuwa na fedha aliweza kununua Model T iliyotumika, kwa bei ya chini zaidi. Aliyekuwa nazo alitaka la pili liwe zuri kuliko la kwanza, na liwe na rangi aipendayo mama watoto. Ford hakutaka kusikia. Na hata alipokubali, mashine zake zilikuwa zimefungwa kwa kazi ya gari moja tu. Mwezi Mei 1927, baada ya kutengeneza magari zaidi ya milioni 15, aliisimamisha Model T, na ikabidi kazi isimame kwa takriban miezi sita ili viwanda vipangwe upya. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikaa nyumbani bila mshahara. Wateja nao hawakungoja. Walikwenda kwa jirani.

Ngazi ya Bwana Sloan

Jirani huyo alikuwa General Motors. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1908 katika mji wa Flint, Michigan, na William Durant, mtu mwenye moyo mkubwa wa kununua. Durant alinunua kampuni za magari kama mtu anayenunua vitambaa mnadani: Buick, Oldsmobile, Cadillac, Oakland na nyingine nyingi. Mwaka 1920 alipoondoka, aliacha lundo. Magari ya kampuni moja yaligombania wateja wale wale kwa bei zile zile, na hakuna aliyejua kwa hakika ni lipi linaleta faida na lipi linakula.

Aliyelipanga lundo hilo ni Alfred Sloan, mhandisi aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1923. Wengi humkumbuka Sloan kama mtu aliyeleta aina nyingi za magari. Ni kweli, lakini wanasahau kwamba alianza kwa kupunguza. Majina mawili, Sheridan na Scripps-Booth, yaliondolewa kabisa. Yaliyobaki yalipangwa kama ngazi. Chini ilikuwa Chevrolet ya mtu wa kawaida, kisha Oakland, kisha Oldsmobile, kisha Buick, na juu kabisa Cadillac ya tajiri. Kijana aliyenunua Chevrolet alipopandishwa cheo alipanda na ngazi, bila kutoka nje ya nyumba ya General Motors. Kampuni ilikuwa pia na chombo chake cha kukopesha wanunuzi tangu mwaka 1919, na kila mwaka sura za magari zilibadilishwa kidogo ili la mwaka jana lionekane la mwaka jana.

Sasa naomba msikilize jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mwaka 1926 General Motors ilitoa gari jipya lililoitwa Pontiac, la kujaza nafasi iliyokuwa juu ya Chevrolet. Mnunuzi aliona gari jipya lenye injini yake na jina lake. Lakini sehemu nyingi za bodi na za chini zilikuwa zile zile za Chevrolet. Gari lilikuwa tofauti pale mteja anapoona na kulipia, na lilikuwa sawa pale mteja asipoona. Hiyo ndiyo ilikuwa busara ya Sloan. Aina ziwe nyingi dukani, na vitu viwe vichache kiwandani.

Kwa busara hiyo Ford alipitwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba wingi wa mambo ni ubaya wakati wote. Katika miaka ya 1920 kampuni yenye aina tano iliishinda kampuni yenye aina moja, kwa kuwa ilijua kila aina inamhudumia nani na inagharimu kiasi gani.

Injini nne za ukubwa mmoja

Mwaka 1955 General Motors ikawa kampuni ya kwanza ya Marekani kupata faida ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya magari yote mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa yake. Mtu mwenye mafanikio ya namna hiyo hapekui ghala lake.

Laiti lingepekuliwa, yangeonekana mambo ya kushangaza. Kila tawi lilikuwa limegeuka kuwa usultani wenye wahandisi wake, viwanda vyake na fahari yake. Mpaka miaka ya 1970, Chevrolet ilikuwa na injini yake kubwa ya silinda nane, ya kiasi cha lita 5.7. Oldsmobile nayo ilikuwa na yake ya ukubwa huo huo. Buick nayo ilikuwa na yake. Pontiac nayo ilikuwa na yake. Fundi makanika anayenisikiliza ataelewa maana yake. Hizo zilikuwa injini nne zinazofanya kazi moja, za kampuni moja, na kipuri cha moja hakikai kwa nyingine. Michoro ilikuwa minne, mashine za kuzitengeneza zilikuwa seti nne, na ghala za vipuri zilikuwa nne. Mafundi walifundishwa mara nne.

Je, gharama hiyo ilionekana kwenye vitabu? Hapana, na sababu yake ni ya kihasibu. Ukiuliza injini ya Buick inagharimu nini, utaambiwa chuma kiasi hiki na kazi ya mikono kiasi hiki. Lakini gharama ya kuwa na aina nne badala ya moja haimo ndani ya injini yoyote. Imo katika ghala kubwa kupita kiasi, katika makarani wa ziada, katika mikutano ya kupatanisha matawi, katika makosa ya kuagiza kifaa kisicho chake. Zote huingizwa kwenye fungu la gharama za jumla, na fungu hilo hugawanywa kwa magari yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. General Motors ilikuwa na madaftari mengi, ila hapakuwa na ukurasa wa gharama hiyo.

Mwaka 1977 jambo hili lilitoka hadharani kwa njia ya aibu. Injini za Oldsmobile zilikuwa hazitoshi, na kampuni ikatia injini za Chevrolet ndani ya baadhi ya magari ya Oldsmobile. Wateja waligundua pale vipuri vya Oldsmobile vilipokataa kukaa. Walikuwa wamelipa bei ya Oldsmobile, wakapewa moyo wa Chevrolet. Walikwenda mahakamani, na kampuni ikalazimika kuwafidia.

Baada ya hapo, wakuu wa General Motors waliamua kubana matumizi. Katika miaka ya 1980 walishirikisha bodi na vifaa baina ya matawi. Lakini walishirikisha hata pale ambapo Sloan alitofautisha. Mwaka 1981 walitoa Cadillac ndogo iliyoitwa Cimarron, nayo ilikuwa ndugu wa karibu mno wa Chevrolet Cavalier, gari la bei nafuu. Tajiri aliyelipa bei ya Cadillac alimwona jirani yake wa kipato cha kawaida akipita na gari la sura ile ile. Mwaka 1983 jarida la Fortune liliweka kwenye jalada lake magari manne ya matawi manne tofauti, na ilimbidi msomaji akodoe macho ili ayatofautishe.

Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Kwa miaka mingi injini zilitofautiana mahali ambapo mteja haoni, na sasa sura zilifanana mahali ambapo mteja anaona. Ngazi ya Sloan ilikuwa imegeuzwa miguu juu.

Dawa iliyoongeza ugonjwa

Mwenyekiti wa kampuni tangu mwaka 1981, Roger Smith, aliliona tatizo na hakukaa kimya. Lakini kila dawa aliyoitoa ilikuwa ni kuongeza kitu. Mwaka 1984 aliyapanga upya matawi ya magari katika makundi makubwa mawili, na watu wakapoteza muda mrefu wakitafuta nani sasa anamwamuru nani. Mwaka huo huo kampuni ilinunua EDS, kampuni ya kompyuta, kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 1985 ikanunua Hughes Aircraft, kampuni ya ndege na vyombo vya anga. Kisha ikaanzisha chapa mpya kabisa ya magari, Saturn, yenye kiwanda chake na mawakala wake. Baadaye zikaja Saab ya Sweden na Hummer. Ilipofika mwaka 2009 kampuni ilikuwa inauza chapa nane nchini Marekani, wakati sehemu yake ya soko ilikuwa imeshuka kutoka nusu hadi kama moja ya tano.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini hawakupunguza? Jibu ni kwamba kuongeza kuna marafiki na kupunguza kuna maadui. Anayependekeza gari jipya ana meneja nyuma yake, ana wahandisi, ana mawakala wanaosubiri kuuza, na siku ya uzinduzi kuna muziki na picha magazetini. Anayependekeza kufuta gari ataulizwa na wafanyakazi, na mawakala, na wabunge wa jimbo lenye kiwanda. Oldsmobile, jina lililokuwapo tangu mwaka 1897, lilitangazwa kufutwa mwaka 2000, na gari la mwisho likatoka mwaka 2004. Kuwalipa mawakala wakubali kufunga milango kuligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Kuzika kulikuwa ghali kama kuzaa, na ndiyo maana wakuu wengi waliamua kuwaachia mazishi wale watakaokuja baada yao.

Shule ya uhaba

Wakati Amerika inajaza kibaba, huko Japani palikuwa na kampuni isiyo na cha kujaza. Toyota ilianzishwa mwaka 1937 na Kiichiro Toyoda, mtoto wa mvumbuzi wa mashine za kufumia nguo. Mwaka 1950 nusura ifilisike. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, ukazuka mgomo, na Kiichiro akajiuzulu. Mwaka huo huo binamu yake, Eiji Toyoda, alikwenda Michigan kukitembelea kiwanda kikubwa cha Ford.

Aliyoyaona huko hayakuweza kuigwa. Japani wakati ule ilikuwa soko dogo lililohitaji kila kitu kwa uchache: malori kidogo, teksi kidogo, magari madogo ya familia kidogo. Ford au General Motors wangeweza kuwa na mashine moja kwa kila kipande cha bati. Toyota haikuwa na fedha hizo. Mhandisi wake Taiichi Ohno alilazimika kutumia mashine chache kwa vipande vingi, na kila mara kubadilisha kalibu ya chuma inayokandamiza bati. Kazi hiyo ilikuwa ikichukua muda wa saa nyingi. Kwa kuipunguza kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kalibu ya mashine kubwa iliweza kubadilishwa kwa dakika 3.

Kwa hesabu ya kiwanda, hilo lilikuwa badiliko kubwa. Ikiwa kubadilisha kunakula siku nzima, kila aina mpya ya gari ni hasara. Ikiwa kunakula dakika 3, aina kumi zinaweza kupita kwenye mashine ile ile. Toyota haikuukimbia wingi wa aina kama Ford, wala haikuubeba kwa mabega kama General Motors. Iliupunguzia uzito. Ikaongeza na desturi nyingine: kutotengeneza kipuri kabla hakijahitajiwa, na kumruhusu mfanyakazi wa kawaida kuvuta kamba na kusimamisha kazi anapoona kosa, ili kosa lisisafiri hadi mwisho wa mstari.

Mwaka 1984 General Motors ilipata nafasi ya kuyaona hayo ndani ya nyumba yake. Ilikuwa imekifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982, kwa sababu ya ubora duni na ugomvi wa kila siku kati ya wakubwa na wafanyakazi. Kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Baada ya muda mfupi kiwanda hicho kikawa kinatoa magari ya ubora uliokaribia ule wa Japani.

Mameneja wa General Motors walikuja kutazama, wakarudi makwao kuiga. Waliiona kamba, wakafunga kamba. Waliona kadi za kuagizia vipuri, wakachapisha kadi. Lakini pale ambapo mfanyakazi akivuta kamba hukaripiwa, kamba hiyo haina faida. Kila desturi ya Toyota ilishikiliwa na nyingine, kama ukili katika mkeka. Ukichomoa mmoja ukaupeleka kwako, unabaki na unyasi tu.

Kwa hiyo tunaona kwamba kuna wingi wa mambo wa namna mbili. Upo ule ambao kila jambo linalisaidia jenzake, na mshindani hawezi kuuiba hata ukimwachia mlango wazi. Huo hulinda kampuni kwa miaka mingi. Na upo ule ambao kila jambo limekaa peke yake likidai chumba, karani na bajeti. Huo humlinda mshindani wako.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Japani kuona matokeo. Simama kituo chochote cha daladala au matatu uhesabu. Mafundi wetu wamezipenda Toyota kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba injini moja huikuta katika magari ya majina kadhaa, na kipuri kilichotoka kwenye moja hukubali kwenye jingine. General Motors nayo ilikuwa na hisa nyingi katika kiwanda cha kuunganisha magari mjini Nairobi kwa miaka 40 hivi. Mwaka 2017 iliziuza kwa Isuzu ya Japani, na kiwanda kikaitwa Isuzu East Africa.

Tusiwafanye Wajapani kuwa malaika. Toyota ilipokimbilia kuwa ya kwanza duniani, iliongeza viwanda na aina za magari kwa kasi, na mwaka 2009 na 2010 ikalazimika kuyaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa. Rais wake, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, alisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani mwezi Februari 2010 na kukiri kwamba huenda kampuni ilikua haraka kupita uwezo wa watu wake kujifunza. Mwenye shule naye alihitaji kurudi darasani.

Anayelipa ni nani?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wakubwa na hisa zao. Hapana. Mji wa Flint, ulikozaliwa General Motors, ulikuwa na watu karibu 197,000 mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilikuwa imeajiri huko watu kiasi cha 80,000. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta mji mzima umebakiwa na watu 81,000 hivi. Walipa kodi wa Marekani walitoa karibu dola bilioni 50 kuiokoa kampuni mwaka 2009, na zaidi ya bilioni 10 kati ya hizo hazikurudi. Chapa nane zikabaki nne. Mahakama na serikali zilifanya kwa miezi michache yale ambayo wakuu wa kampuni waliyaahirisha kwa miaka 30.

Na kuna waliolipa kwa roho zao. Mwaka 2014 General Motors ilianza kuyaita magari madogo milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu ya swichi ya kuwashia gari iliyokuwa legevu. Ufunguo uliweza kurudi nyuma wenyewe gari likiwa barabarani. Injini ilizimika, na mifuko ya hewa inayomkinga dereva katika ajali haikufunguka. Ndani ya kampuni tatizo la swichi lilijulikana kwa zaidi ya miaka 10. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliojua habari za swichi hawakujua kwamba ikizimika inaizima na mifuko ya hewa, kwa hiyo waliliandika kama usumbufu kwa mteja, si hatari kwa maisha yake. Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa kimyakimya, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Wachunguzi waliokuja baadaye walihangaika miaka kadhaa wakijiuliza kwa nini magari mapya yako salama na ya zamani yanaua, wakati karatasi zinasema kipuri ni kile kile. Suala lilipita kamati baada ya kamati, watu wakitikisa vichwa kukubali kwamba jambo fulani lifanyike, halafu kila mmoja akitoka akidhani mwenzake atalifanya. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124.

Hao hawakuuawa na mtu mmoja mwovu. Waliuawa na nyumba yenye vyumba vingi mno, ambamo kila mtu alishika kipande cha ukweli na hakuna aliyeushika mzima.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, iwe unaendesha kiwanda, benki, shirika la umma au duka lenye matawi matatu, kabla ya kuongeza jambo lolote jiulize maswali mawili ya Bwana Sloan. Je, mteja ataliona na kulilipia? Na kama hataliona, kwa nini lisiwe sawa na lile tulilonalo? Kisha ongeza swali la tatu, ambalo Sloan hakuwaachia warithi wake: siku jambo hili likichakaa, ni nani mwenye kazi ya kulifuta? Kama hakuna jina la kuandika hapo, afadhali ungoje.